Farasi wa mbio na wa kuzalisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nakuru

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara: kutoka kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Njoro na Molo, vijana wa boda boda waliomwona farasi akishushwa kwenye lori, na watu waliopita mbele ya duka la kubeti mjini wakakuta farasi wakitimua vumbi kwenye skrini. Mifano mingi inatoka kwa farasi mmoja wa Uingereza, Frankel, kwa sababu maisha yake yote mawili, ya uwanjani na ya shamba la kuzalisha, yanajulikana wazi. Penye jibu lililokwisha kutolewa, tumekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Thoroughbred ni farasi wa aina gani?

Ni aina ya farasi iliyoanzishwa Uingereza kuanzia mwisho wa karne ya 17 kwa kazi moja tu, mbio. Majike ya kule yalipandishwa na madume yaliyoletwa kutoka nchi za Mashariki. Kati ya madume hayo, ni matatu tu ambayo ukoo wao wa kiume umefika hadi leo: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian.

Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, Syria, akafika Uingereza 1704. Kilembwe chake, Eclipse, alizaliwa 1764, akashiriki mbio 18 na hakushindwa hata mara moja. Ukimshika Thoroughbred yeyote leo ukahesabu baba, babu, baba wa babu na kuendelea, karibu kila mara utaishia kwa Eclipse.

Jambo linalotofautisha aina hii na nyingine ni kitabu cha nasaba. Kilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791, na nchi zenye mbio zina vitabu vyao vinavyotambuana. Farasi ambaye baba na mama yake hawamo kitabuni si Thoroughbred, hata akikimbia kama umeme. Siku hizi kuandikwa kwenyewe kunahitaji kipimo cha DNA, kwa hiyo maneno matamu ya mwenye shamba hayatoshi.

Farasi wote ninaowaona Nakuru, Gilgil na Naivasha ni wa aina hii?

Hapana. Wengine ni wa polo, wengine ni mchanganyiko wa kupandisha wageni. Lakini usishangae kumkuta Thoroughbred halisi akitembeza watalii polepole: wengi waliomaliza mbio au walioshindwa kabisa kukimbia huuzwa kwa kazi kama hizo.

Anakimbia kwa kasi gani?

Zaidi ya kilomita 60 kwa saa akiwa amebeba mtu, na farasi mwenyewe ana kilo 450 hadi 550. Rekodi inayotajwa sana ni ya Winning Brew, jike la Marekani, aliyepimwa 2008 akifika kilomita 70.76 kwa saa katika umbali mfupi. Mbio nyingi ni za kati ya mita 1,000 na 3,200. Anayetamba kwenye mita 1,200 mara nyingi hana pumzi ya mita 2,400, na hapo ndipo wafugaji wanapoanza kupanga nani apandishwe na nani.

Wale farasi wa kwenye skrini ya duka la kubeti ni wa kweli?

Wale wanaokimbia kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, ni picha za kompyuta. Mshindi huchaguliwa na programu inayotoa namba kwa bahati. Hawana baba wala mama wala mkufunzi, na hakuna rekodi ya kusoma itakayokusaidia kubashiri. Ukimwona mtu anayedai amegundua siri ya namba tano, mpe pole.

## Maisha ya uwanjani

Huanza kukimbia akiwa na umri gani, na humaliza lini?

Huanza kufundishwa tandiko na hatamu akiwa na karibu mwaka mmoja na nusu, na wengi hukimbia mara ya kwanza wakiwa na miaka 2. Mbio kubwa za kihistoria, kama Derby ya Epsom iliyoanza 1780, ni za farasi wa miaka 3 pekee. Kila farasi ana nafasi moja tu maishani.

Hapa tuna maoni yetu. Mifupa ya farasi huendelea kukomaa hadi anapofika miaka 5 au 6. Wataalamu wanasema mazoezi ya mapema yakiwa ya kiasi huimarisha mifupa, na tunakubali, lakini tatizo ni hilo neno kiasi pale mwenye farasi anapotaka pesa zake zirudi haraka.

Dume bora huondoka akiwa na miaka 3 au 4 (sababu iko kwenye swali la kustaafu hapa chini). Aliyehasiwa anaweza kukimbia hadi miaka 9 au 10.

Frankel alifanya nini hasa hadi aitwe bora kuliko wote?

Alishiriki mbio 14 kati ya 2010 na 2012 na akashinda zote 14. Kumi kati ya hizo zilikuwa za daraja la juu kabisa. Alizaliwa Februari 2008 katika shamba la Juddmonte la Mwanamfalme Khalid Abdullah wa Saudi Arabia, akafundishwa na Sir Henry Cecil mjini Newmarket, na joki wake, yaani mpanda farasi, katika mbio zote alikuwa Tom Queally.

Namba hazionyeshi jinsi alivyoshinda. Katika 2000 Guineas ya 2011, moja ya mbio kubwa za Uingereza za farasi wa miaka 3, alitoka mbele tangu mlango ulipofunguka, na katikati ya mbio alikuwa ameshawaacha wenzake mbali kiasi kwamba watazamaji walidhani joki amekosa hesabu na farasi atakwisha pumzi. Alishinda kwa urefu wa farasi 6. Mwaka uliofuata, pale Royal Ascot, tamasha kubwa la mbio za Uingereza, alishinda mbio za Queen Anne kwa urefu wa farasi 11, katika mbio ambazo kwa kawaida huamuliwa kwa shingo au kichwa. Wataalamu wa Timeform, kampuni inayopima uwezo wa farasi, walimpa alama 147, ya juu kuliko zote walizowahi kumpa farasi wa mbio tambarare, yaani zisizo na viunzi vya kuruka.

Mwanzoni alikuwa msumbufu: alivuta hatamu na kutaka kutumia nguvu zote mapema. Kazi kubwa ya Cecil na watu wake ilikuwa kumfundisha atulie. Ukilinganisha Guineas ile na mbio za York za Agosti 2012, utadhani ni farasi wawili tofauti. York alikaa nyuma kwa subira, kisha akawapita wote bila joki kuhangaika, akashinda kwa urefu wa farasi 7. Cecil alikuwa anaugua saratani na sauti ilikuwa imemtoka karibu yote. Alifariki Juni 2013.

Lawama moja dhidi ya Frankel ina uzito: hakuwahi kutoka Uingereza, na hakujaribiwa mita 2,400. Kwetu sisi hilo linapunguza kidogo tu. Waliokuja kupambana naye hawakuwa wanyonge. Nathaniel, aliyekuwa wa pili nyuma yake katika mbio yao ya kwanza, alikuja kushinda King George, moja ya mbio kubwa kabisa za mita 2,400.

Kwa nini alistaafishwa akiwa na miaka 4 tu, na alikuwa hajashindwa?

Kwa sababu ya pesa na hofu. Katika maisha yake yote ya mbio alikusanya zawadi za £2,998,302. Alipoingia kazi ya kuzalisha 2013, ada yake ilikuwa £125,000 kwa jike mmoja. Piga hesabu: majike 24 yakishika mimba na kuzaa salama, tayari amepita zawadi za miaka mitatu ya jasho. Na dume wa kiwango chake hupanda zaidi ya majike 100 kwa msimu.

Upande wa pili ni hatari. Kila anapotoka kukimbia anaweza kuvunjika mguu, na mali yote hiyo ikapotea kwa hatua moja. Mpenzi wa mbio hupoteza hapo, maana farasi anaondolewa wakati ndipo anapofikia ukomavu. Lakini mwenye mali ndiye mwenye kusema.

Farasi wa bei ghali zaidi ndiye atakayeshinda?

Muulize aliyemnunua The Green Monkey. Farasi huyo aliuzwa Florida 2006 kwa dola milioni 16. Alikimbia mara tatu, hakushinda hata moja, na nafasi yake nzuri kuliko zote ilikuwa ya tatu. Kabla yake kulikuwa na Snaafi Dancer, aliyenunuliwa 1983 kwa dola milioni 10.2: alionekana mzito mazoezini hata uwanjani hakupelekwa, na alipopelekwa kuzalisha, uwezo wake ukawa hafifu akapata watoto wanne tu. Mnunuzi wa farasi mchanga ananunua ukoo na umbo. Moyo na akili huonekana baadaye.

Joki anaruhusiwa kumchapa farasi?

Kwa mipaka. Uingereza, tangu 2023, joki wa mbio tambarare haruhusiwi kuzidisha viboko 6, na akizidi huadhibiwa. Fimbo yenyewe ina sponji. Nchi hutofautiana kanuni, na mjadala wa kuipiga marufuku kabisa unaendelea.

Kwa nini aliyevunjika mguu huuawa badala ya kutibiwa?

Wengine hutibiwa, kutegemea mahali palipovunjika. Tatizo ni kwamba farasi hawezi kulala kitandani miezi miwili. Uzito wa mguu mbovu huhamia kwenye mizima, na kwato za mizima huanza kuvimba kwa ndani kwa ugonjwa wenye maumivu makali. Barbaro, bingwa wa Kentucky Derby 2006, alivunjika mguu wa nyuma wiki mbili baada ya ushindi huo, akafanyiwa upasuaji wa hali ya juu, akapambana miezi minane. Januari 2007 ilibidi alazwe usingizi wa mwisho, na kilichomshinda kilikuwa kwato, si ule mfupa.

## Shamba la kuzalisha

Kwa nini hawatumii mrija wa mbegu kama sisi kwa ng'ombe?

Swali hili huulizwa na kila mfugaji wa Molo, na ni zuri. Huku daktari huja na mbegu iliyogandishwa ya fahali aliyekufa zamani, na ndama huandikishwa bila shida. Kwa Thoroughbred ni marufuku. Mtoto lazima apatikane kwa dume kumpanda jike ana kwa ana, na mimba ikue ndani ya jike huyo huyo. Mtoto wa mrija, wa kiinitete kilichohamishwa au wa kunakiliwa maabara haingii kitabuni, hata DNA ikisema vingine.

Sababu inayotajwa kwanza ni kulinda uhakika wa nasaba, lakini DNA imeshalimaliza hilo. Sababu yenye nguvu zaidi ni soko. Mbegu ya Frankel ikiweza kugandishwa, maelfu ya majike kutoka Australia hadi Argentina yangeipata kwa mwaka mmoja. Bei ingeanguka, na baada ya vizazi vichache farasi wote wa dunia wangekuwa ndugu wa karibu. Tunaona kanuni hii ina faida hata kama imewekwa na watu wenye maslahi yao.

Matokeo yake ni msafara wa majike. Jike husafirishwa kwa lori au ndege hadi alipo dume. Kuna hata madume yanayosafirishwa kati ya nusu mbili za dunia ili yafanye misimu miwili kwa mwaka. Danehill, babu wa Frankel upande wa mama, alijulikana kwa safari hizo kati ya Ireland na Australia.

Na kabla ya dume ghali kuletwa, dume mwingine wa bei nafuu huletwa kumnusa jike na kuona kama yuko tayari. Akishathibitisha, anaongozwa kurudi bandani kwake. Kazi isiyo na shukrani.

Mimba huchukua muda gani?

Karibu miezi 11. Wengi huzaa usiku, na mtoto husimama ndani ya saa moja au mbili. Mapacha hawatakiwi, daktari akiwaona mapema kwa mashine huondoa mmoja, kwa kuwa wote wawili wakiachwa mara nyingi hupotea. Mtoto huachishwa ziwa akiwa na miezi 5 au 6.

Ulaya jike hushika joto siku zinaporefuka, kwa hiyo wafugaji huwasha taa bandani wakati wa baridi ili kumharakisha. Kwetu, karibu na Ikweta, mchana haubadiliki, na majike wengi hupata joto karibu mwaka mzima.

Ada ya Frankel imewahi kufika ngapi, na mtu hulipa hata jike likikosa mimba?

Mwaka 2024 ilifika £350,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 50 za Kenya kwa kupandisha jike mmoja. Mikataba hutofautiana. Mingi husema ada italipwa mtoto akizaliwa hai na kusimama. Mingine hudai malipo mimba ikithibitishwa kufikia tarehe fulani.

Ada hupanda na kushuka kufuatana na watoto wanavyofanya. Jina la baba huuza miaka mitatu ya kwanza, kabla watoto hawajakimbia. Baada ya hapo hakuna wa kudanganywa.

Watoto wa Frankel wamefanya nini?

Wa kwanza kushinda mbio ya daraja la juu alikuwa Soul Stirring, jike, nchini Japani mwaka 2016. Cracksman alishinda Champion Stakes ya Ascot 2017 na 2018, mbio ile ile ambayo baba yake aliaga nayo. Mwaka 2021 Adayar alichukua Derby ya Epsom na Hurricane Lane akachukua St Leger. Alpinista, jike, alishinda Arc ya Paris, mbio kubwa kabisa za Ufaransa, 2022, na Chaldean akashinda 2000 Guineas 2023, miaka 12 baada ya baba.

Frankel alikuwa dume bora wa Uingereza na Ireland 2021, akimwondoa baba yake Galileo aliyekuwa ameishika nafasi hiyo tangu 2010 bila kukatika. Lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyefikia kiwango chake uwanjani, na hatutarajii atokee hivi karibuni.

Jike ana thamani gani basi, kama sifa zote ni za dume?

Dume hupata watoto 100 kwa mwaka, jike mmoja tu. Kwa hiyo jike bora ni adimu zaidi. Mfano wetu ni Urban Sea, aliyeshinda Arc 1993. Alimzaa Galileo, aliyeshinda Derby ya 2001, kisha akamzaa Sea The Stars, aliyeshinda Derby na Arc mwaka mmoja, 2009. Frankel ni mjukuu wake. Mama yake Frankel, Kind, alizaa pia Noble Mission, aliyeshinda Champion Stakes 2014. Mfugaji mwenye akili hutunza majike kwanza. Dume anaweza kukodiwa.

Bingwa akikosa uwezo wa kuzalisha inakuwaje?

Ilitokea kwa Cigar wa Marekani, aliyeshinda mbio 16 mfululizo. Alipostaafu akapandishwa kwa majike 34, hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. Alikuwa na bima ya dola milioni 25, na kampuni ililipa. Aliishi kama kivutio cha wageni Kentucky hadi alipofariki 2014.

Na aliyehasiwa?

Huyo ukoo wake unaishia kwake. Cirrus des Aigles, aliyekuwa wa pili nyuma ya Frankel siku ya mwisho pale Ascot 2012, alikuwa amehasiwa. Aliendelea kukimbia hadi 2015 na akakusanya zawadi nyingi kuliko Frankel. Madume husumbua na kuhasi hutuliza. Anayehasi huwa amekata tamaa ya ada.

Wanapandisha ndugu kwa ndugu?

Ndugu wa karibu sana hapana, lakini kurudia babu mmoja pande zote mbili ni kawaida. Enable, mshindi wa Arc 2017 na 2018, ana Sadler's Wells kama babu yake upande wa mama, na pia kama baba wa babu yake upande wa baba. Hatari ni kujumlisha kasoro pamoja na sifa. Tazama pia swali la mrija.

## Kwetu Nakuru na magharibi

Nakuru iliwahi kuwa na mbio za farasi?

Ndiyo, enzi za ukoloni mji ulikuwa na uwanja wake. Jina kubwa la upande huu ni Beryl Markham, aliyekulia shamba la baba yake Njoro na kupata leseni ya ukufunzi akiwa na karibu miaka 18, jambo ambalo mwanamke hakuwa amewahi kulifanya hapa. Dunia humkumbuka kwa kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936, kutoka Uingereza kwenda Kanada. Alirudi Kenya baadaye, akawa mkufunzi wa mabingwa, na alifariki Nairobi 1986.

Babu yangu alikuwa saisi Njoro. Naweza kulipata jina lake kwenye kumbukumbu za mbio?

Ni vigumu. Kumbukumbu za mbio huandika farasi, baba yake, mama yake, mwenye farasi, mkufunzi na joki. Saisi, aliyemlisha, kumpiga brashi na kumtembeza alfajiri, hana safu yake. Tunaweza kutaja babu wa kumi wa farasi na tukashindwa kumtaja mtu aliyelala naye bandani. Ukiwa na picha za babu yako, andika nyuma yake majina kabla wazee wanaowajua hawajaondoka.

Leo naweza kuona mbio wapi?

Uwanja wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa 1954 na unaosimamiwa na Jockey Club of Kenya. Mbio huwa Jumapili wakati wa msimu. Kenya Derby, ya farasi wa miaka 3, hukimbiwa hapo.

Naweza kufuga Thoroughbred Kisumu au Homa Bay?

Unaweza, ila usiingie bila daktari wa mifugo. Ugonjwa hatari zaidi ni ule wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wanaopenda maeneo ya joto na maji. Farasi asiyechanjwa akiupata kwa kawaida hufa. Pundamilia na punda hubeba virusi bila kuonyesha dalili kubwa, kwa hiyo hata anayeishi jirani na mbuga ya Ziwa Nakuru ana sababu ya kuchanja kila mwaka na kuwafungia farasi ndani machweo hadi asubuhi. Bonde la Lambwe, kule Homa Bay, lina jambo la ziada, mbung'o.

Ugonjwa huu ndio pia unaofanya kumsafirisha farasi wa Kenya kwenda Ulaya kuwa safari ya karantini na makaratasi mengi.

Nina punda dume. Anaweza kumpanda farasi jike?

Anaweza, na atazaliwa nyumbu wa kubeba mizigo, mwenye nguvu na asiyechoka upesi. Lakini nyumbu huyo ni tasa, na haingii kwenye kitabu chochote cha mbio.

Nimeuziwa farasi nikaambiwa ni Thoroughbred. Nihakikisheje?

Omba pasipoti yake. Humo mna jina, baba, mama, mwaka wa kuzaliwa na mchoro wa alama za mwili: baka la usoni, soksi nyeupe, vizingo vya manyoya. Linganisha na farasi aliye mbele yako. Kisha daktari apime chipu shingoni na namba ilingane na iliyo kwenye pasipoti. Muuzaji akisema makaratasi yalipotea, mlipe bei ya farasi wa kupanda tu.